Nahodha wangu anavua koti kwa mbwembwe za Atobe. Nami nimvue unahodha?

MwalimuFilimbi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Tanga mjini, na kwa kuwa siku moja nilikutwa na filimbi shingoni, michezo nayo ikawa yangu. Shule sitaitaja. Ukitoka Ngamiani kwa baiskeli unafika kabla shati halijalowa.

Nina timu ya wavu ya wasichana. Wavu wenyewe umewazidi wachezaji umri: tumeuunga kwa kamba ya katani sehemu tatu, na ya nne iko njiani. Nahodha yuko kidato cha tatu. Mwembamba, mrefu, hijabu kaikaza utadhani imeshonewa kichwani, na akiruka kupiga mpira huoni saa ngapi ameondoka chini. Kwa mchezo sina neno naye. Neno langu linaanzia kabla ya filimbi.

Timu zikishajipanga, refa anaangalia saa, yeye anatoka peke yake kwenda katikati, polepole, kama bibi harusi anayejua kamera iko wapi. Anainua mkono. Wenzake waliokaa chini ya mwarobaini, si chini ya arobaini, wanaanza: "Mshindi sie! Mshindwa nani?" Halafu wanataja jina la shule ya wageni, na tena, na tena. Wanaimba mpaka yeye aalishe vidole, ta! mara moja. Kimya. Hata kunguru nao wanasita. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kunyamazisha watu arobaini kwa vidole viwili.

Ndipo anasema, "Mshindi ni mimi." Anavua koti la traksuti, analirusha juu bila kuangalia linakoangukia. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza ambaye kazi yake ni kulidaka.

Nilimuuliza amejifunza wapi mambo haya. Akanijibu, "Kwa Atobe, mwalimu," kwa sauti ya kunihurumia, kama ananitajia mji mkuu ambao mwalimu wa Jiografia alipaswa kuujua.

Sasa wiki iliyopita tulikuwa na mechi ya kirafiki. Tulishinda seti mbili kwa moja. Mwalimu wa wageni akakataa mkono wangu, akasema watoto wangu hawana adabu, akapanda daladala na timu yake bila hata kunywa maji. Mkuu wa shule amenipa mpaka Ijumaa: huyo binti avuliwe unahodha au niseme kwa nini asivuliwe.

Naomba kujua kwanza huyu Atobe ni nani. Halafu mnishauri, maana mimi mwenyewe, niseme ukweli, lile koti likiwa hewani huwa nasisimka.

Fundi_wa_Chuda

Shikamoo mwalimu. Hapa umefika penyewe. Mimi ni fundi simu, na simu za wanafunzi zinazoletwa kwangu zimepasuka kioo, nyingi nyuma ya huo ufa yupo yeye.

Jina kamili Atobe Keigo, nahodha wa timu ya tenisi ya shule ya Hyotei kwenye The Prince of Tennis. Ilianza kama vitabu vya katuni vya Takeshi Konomi mwaka 1999, ikaisha 2008 ikiwa na juzuu 42. Ile ya televisheni ilianza Oktoba 2001 mpaka Machi 2005, vipindi 178. Nimevimaliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimelala na malaria, na ndipo nilipovielewa vizuri.

Atobe si mhusika mkuu. Mhusika mkuu ni mtoto mdogo wa shule pinzani ya Seigaku, Echizen Ryoma. Lakini waulize mashabiki, utaona kura zinakwenda wapi. Jamaa ana kidoa cheusi chini ya jicho la kulia, ni rais wa wanafunzi, klabu yake ya tenisi ina watu zaidi ya mia mbili, na akijitaja anatumia neno la Kijapani ambalo ukilileta kwetu ni kama mtu kujiita "mimi mheshimiwa". Na umri wake sasa! Hao wote ni wa sekondari ya chini, mwaka wa tatu, miaka kumi na minne au kumi na mitano. Ni mdogo kwa nahodha wako.

Kuhusu uwanjani, binti yako hajaongeza chumvi. Watu mia mbili wanaimba mshindi ni Hyotei, mshindwa ni Seigaku, Atobe anaalisha vidole, wanakata, anasema mshindi ni yeye, koti linaruka. Kanakili kila kitu isipokuwa utajiri.

Ila kuna jambo ambalo wengi linawapita. Pale Hyotei ukifungwa mara moja unatolewa kikosi cha kwanza. Kocha wao Sakaki ni mwalimu wa muziki, anakuja uwanjani na suti, na huruma hana. Yupo mchezaji anaitwa Shishido, alifungwa, akaachwa, ikabidi akate nywele zake ndefu mbele ya kocha ndipo arudi. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya watu wale na kusema mshindi ni mimi, ujue hana pa kurudia nyuma. Mwalimu, wewe mwangalie binti yako mazoezini. Anakuja saa ngapi?

MwalimuFilimbi

Marahaba fundi. Anakuja saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi ndiye aliyenieleza, mimi saa hizo nakuwa na shughuli zangu za usingizi. Anapiga sevu ukutani mpaka wenzake waje kufagia. Ukuta una duara jeupe, na chokaa ni ya kwangu, ilipotea mwezi wa tatu.

MzeeWaRaskazone

Nawasoma tu wajukuu zangu, na kahawa yangu hapa.

Mbwembwe hazikutoka Japani. Mji huu sisi tulikua na Black Star na Lucky Star. Lucky Star walitoka ndani ya Black Star, watu wa chungu kimoja, na kwa hivyo ndivyo walivyooneshana kazi. Mwimbaji alikuwa haingii jukwaani kama anayekwenda dukani kununua kibiriti. Anaingia kwa madaha, khanga na manukato, watu wanajipanga kutunza, na upande wa pili wanasikiliza wamekunja uso. Lakini akifungua kinywa, sauti iwepo. Ukija na mapambo na koo la kukwaruza, Tanga hii utarudi kwenu usiku huo huo.

Kwa hiyo mie kwa koti sina ugomvi na mjukuu wangu. Ana haki yake kama sevu inapita.

Kosa liko kwenye ule wimbo. Katika taarabu mtu hatajwi jina. Unafumba. Aliyeguswa atajijua, na akitaka kulia atalia kwake huku anasingizia moshi. Ukishamtaja jina si utani tena, umemvua nguo barabarani. Nani aliwafundisha kutaja jina la shule ya watu?

mama_wa_wawili

Naomba na mimi niseme, maana nikisoma hapa naona kabisa kwamba binti yangu alikuwa upande wa pili siku ile.

Yuko kidato cha pili. Ilikuwa mechi yake ya kwanza na kaptura ndefu nilimshonea mwenyewe usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu. Nilimpa elfu moja ya soda. Alirudi nayo. Nikamuuliza mbona hukunywa, akasema koo lilikuwa limeziba.

Mwanangu kafungwa mara nyingi, hata kwenye rede huku nyumbani anafungwa na mdogo wake, halii. Safari hii aliniambia, "Mama, walikuwa wanatutaja." Usiku akaniuliza kama ni kweli shule yao ni ya washindwa. Nilimwambia alale.

Sisemi mvueni huyo binti. Na mimi nilikuwa msichana wa kujimwambafai enzi zangu, nauza mpaka leo nguo kwa mdomo huo huo. Lakini mwalimu, ulikuwepo pale na filimbi shingoni.

MwalimuFilimbi

Mama wa wawili, nimesoma ujumbe wako mara tatu nikiwa ofisini, nikafunga daftari la mahudhurio bila kulijaza. Nilikuwepo na sikupuliza. Sina cha kujitetea. Niombee radhi kwa binti.

Jana nilimfuata fundi Chuda. Aliniwekea mechi ya Atobe na Tezuka, nahodha wa Seigaku, nikaitazama nimekaa kwenye ndoo kati ya simu zilizofunguliwa matumbo, na nikaondoka nimeuziwa kava ambalo simu yangu haiwezi kulivaa. Sijui kama niliyoyaona ndiyo watoto wanayoyaona.

Atobe ana jicho. Anaona mahali mwenzake alipo dhaifu, na anaona kwamba mkono wa Tezuka una jeraha la zamani. Basi hana haraka. Anaurefusha mchezo makusudi, mpira baada ya mpira, ili Tezuka achague: aharakishe akosee, au avumilie mkono uishe. Tezuka anavumilia. Akiwa karibu kabisa kushinda, bega linakataa, anapiga magoti, raketi chini. Watu wote wanajua yamekwisha. Anasimama, anarudi uwanjani.

Kuanzia hapo nikaacha kumtazama Tezuka, nikawa namtazama Atobe usoni. Zile mbwembwe zimekauka. Hakuna kidole, hakuna "mheshimiwa". Anahema. Mtu aliyepanga kumvunja mwenzake amejikuta yuko na mtu asiyevunjika, na sasa lazima acheze kweli. Wanafika 37 kwa 35. Atobe anashinda, anauchukua mkono wa Tezuka, anauinua juu.

Nilimwambia fundi arudishe nyuma. Akarudisha. Kimenishinda kumpenda. Mtu akiona kidonda cha mwenzake akakipigia hesabu, kuinua mkono mwishoni hakufuti hesabu ile. Ila nimeelewa kwa nini binti anampenda, na nimeelewa pia kwamba kachukua koti akaacha mkono. Kwenye mechi yetu baada ya seti ya mwisho alikimbilia chini ya mwarobaini kushangilia. Hakwenda kwenye wavu.

Swali dogo: hiyo 37 kwa 35 ni kitu kinachowezekana au ni katuni?

Dada_Kadi

Mimi ni refa wa wavu, ila tenisi naifuatilia, kwa hiyo niwajibu yote mawili.

Inawezekana. Pale wanapofungana gemu sita kwa sita wanacheza ile ya kuvunja sare, wa kwanza kufika pointi saba ndiye mshindi, lakini lazima amzidi mwenzake kwa mbili. Wakiendelea kufuatana hakuna dari. Mwaka 2010 pale Wimbledon, Isner wa Marekani na Mahut wa Ufaransa walikuwa na seti ya mwisho isiyo na hicho kivunja sare, wakaenda mpaka gemu 70 kwa 68. Siku tatu, saa 11 na dakika 5. Ubao wa matokeo uligoma kabla yao.

Kisichowezekana ni ule mtindo wa Atobe wa kupiga mpira mkononi mwa mpinzani raketi ianguke, halafu mpira urudi aupige mara ya pili. Kwa sheria ya tenisi mpira ukimgusa mchezaji mwilini, hata kwenye mkono alioshikia raketi, pointi imekwisha. Huo mpira wa pili anaupiga kwa raha zake tu.

Sasa kwako mwalimu. Kuvua koti kabla ya mechi kwangu si kosa, mradi usinicheleweshee filimbi. Kuwadhihaki wapinzani ni kosa. Mimi ningeita nahodha nimwonye, akirudia ni kadi, na nyekundu kwenye wavu inampa mpinzani pointi na sevu. Mwambie hivyo hivyo, kwa lugha ya pointi. Huyo wa duara la chokaa atakuelewa.

Fundi_wa_Chuda

Dada Kadi umeniharibia utoto wangu, asante.

Mwalimu, kava lirudishe nitakubadilishia. Lakini kuna mtu hujamwona, wala jana hukumuuliza. Yule mtoto anayedaka koti.

Atobe ana kijana wake, Kabaji, wa mwaka wa pili, jitu la miraba minne. Anambebea mfuko. Atobe akisema "Si ndivyo, Kabaji?" yeye anajibu neno moja, "Usu," basi. Ukiangalia juu juu utasema mtumwa. Lakini Kabaji ana namba! Anacheza kikosi cha kwanza. Mechi hiyo hiyo na Seigaku alipambana na Kawamura, wakapigana yale mapigo ya mkono mmoja mpaka wote wawili hawawezi kushika raketi, mechi ikafutwa bila mshindi. Chochote anachokiona mara moja anakipiga vilevile. Atobe na maringo yake yote hakumweka mtu wa kushika mfuko tu.

Huyo wako wa kidato cha kwanza ana namba?

mama_wa_wawili

Swali zuri hilo.

MwalimuFilimbi

Hana. Sijui hata kama nimewahi kumwona akigusa mpira. Kesho.

MwalimuFilimbi

Wakuu, samahani kwa kimya, mitihani ya katikati ya muhula.

Niliitana na nahodha siku ya Alhamisi, nikamweleza mambo mawili. Koti ruksa. Jina la shule ya watu lisitajwe tena, na likitajwa natoa kadi mimi mwenyewe kabla ya refa. Alinisikiliza mikono nyuma, akauliza, "Na mshindwa nani, mwalimu, nayo isiwepo?" Nikamwambia waimbe sehemu yao, ya wenzao wawaachie wenyewe. Akafikiri. "Kama taarabu," akasema. Mzee wa Raskazone, sikumwambia habari zako, wallahi.

Kisha nikamwita yule mtoto. Alikuja na koti la nahodha limekunjwa kifuani, hata hakuna mechi. Nikamwambia asimame chini ya wavu, ainue mikono. Wavu wa wanawake unakaa mita 2.24, sisi tunapima kwa mti wa bendera ya zamani uliochongwa alama. Viganja vikapita juu ya kamba bila yeye kunyanyua kisigino. Miezi mitano mtoto huyu anadaka nguo! Nahodha alikuwa amesimama pembeni, akaona nilichokiona, akaenda kuchukua mpira bila kuambiwa. Walifanya bloku mpaka adhana ya magharibi. Mtoto kila akielekezwa anajibu "Ndiyo dada," neno hilo hilo, nikamkumbuka Kabaji nikacheka peke yangu. Na kweli anaiga. Akionyeshwa mkono mara mbili, ya tatu anafanya.

Mkuu wa shule nilimjibu kwa karatasi, nusu ukurasa. Kasaini.

Jumamosi tukaenda marudiano, kwao. Wimbo wakaimba nusu, wakakatia pale pale, utadhani santuri imekwama. Nahodha akaalisha vidole, akasema lake, koti likaenda juu.

Hakuna wa kulidaka. Mdakaji wake alikuwa amesimama kwenye mstari, namba 11 mgongoni, mikono imemkauka kwa woga. Koti likatua vumbini, puu. Uwanja mzima kimya, na safari hii haukunyamazishwa na mtu. Ndipo msichana mmoja wa wale wenyeji, mdogo, kaptura yake ndefu imeshonwa vizuri sana, akasema kwa sauti nyembamba, "Dada, koti lako."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tangu nianze kazi. Nahodha akageuka, akalitazama koti, akamtazama yule mtoto, na yeye akaanza kucheka, mkono mdomoni. Akaliendea mwenyewe. Akalikung'uta mara mbili, akazungusha macho kutafuta pa kuliweka, mwisho akalitundika juu ya nguzo ya wavu.

Tulifungwa seti mbili kwa moja. Namba 11 alizuia mipira minne, mmoja aliuzuia kwa paji la uso. Filimbi ya mwisho ilipolia nahodha alikwenda kwenye wavu, akashikana mikono na sita wote, na kwa yule wa kaptura alikaa kidogo. Sikusikia walichosema. Mama wa wawili, wewe huenda unajua.

Leo asubuhi nimekuta msumari mpya wa inchi tatu umepigiliwa kwenye nguzo yetu, upande wa nahodha, kimo cha mtu mrefu. Mkuu wa shule amepita akauliza nani kaharibu mali ya shule. Nimemwambia ni wangu, wa kutundikia filimbi.